Habari ya Maganga Juu ya Jiwe la Kalunde

Mimi si mtu wa safari. Mtu wa safari alikuwa babu yangu, na nadhani alizimaliza zote, hakutubakizia hata moja. Alitoka Uzaramo enzi za misafara, mzigo wa shanga kichwani, akafika Tabora miguu imevimba kama mihogo. Akasema, "Napumzika kidogo, halafu narudi pwani." Mpaka leo anapumzika, yuko makaburini upande wa Kwihara. Baba akazaliwa hapa, mimi nikazaliwa hapa, na pwani nimeisikia tu kwa watu. Lakini kwa Wanyamwezi sisi bado ni Wazaramo, watani wao. Hata nikikaa Tabora mpaka meno yaishe, kila asubuhi kuna Mnyamwezi atapita kibandani kwangu kunitukana, nami nitamtukana, halafu tutaulizana habari za watoto.

Kwa wasioujua utani wetu niseme kidogo. Mtani hakasiriki na haombwi radhi. Akija msibani anaiga kilio chako, anakamata kuku wako anamla, anamtukana marehemu mbele ya wajane mpaka watu wanacheka huku kamasi zinatoka. Tena yeye ndiye anayeshika jembe la kaburi. Na habari ya kifo, ile ambayo ndugu wanaogopa kuitamka, anapewa yeye aipeleke, kwa sababu mdomo wake hauna mwiko.

Hiyo ndiyo iliyonitoa nyumbani.

Mimi ni kinyozi, nanyolea kwenye kibanda cha nyasi karibu na soko. Shule niliiacha darasa la tatu, au tuseme iliniacha yenyewe. Mwalimu alisema vichwa vya watu vitanifaa kuliko changu. Basi siku moja kwenye kigoda changu aliketi Muha mmoja aliyeshuka kwenye treni kutoka pwani, amemaliza kazi ya mkonge, anarudi kwao Kigoma. Namnyoa huku napiga porojo kama kawaida. Jirani akanipigia kelele, "Kondo, lete moto." Yule Muha akanishika mkono wenye wembe.

"Wewe ndiye Kondo wa Maganga?"

"Labda Maganga wa Kondo," nikasema. "Mimi ndiye niliyekuwa namlisha."

Hakucheka. Maganga alikuwa rafiki yangu. Alikuwa kuli pale stesheni, tulilala chumba kimoja mpaka alipojiandikisha kwenda kukata mkonge. Yule Muha akaniambia kwamba mvua ilimnyeshea shambani, kifua kikambana, akalala kambini siku chache, akafa. "Nilishika jembe mwenyewe," akasema. "Alikuwa anakutaja. Anasema Kondo atacheka sana akisikia nimekufa kwa mafua kama kuku."

Nilikuwa nimemnyoa upande mmoja. Upande wa pili niliusahau, naye hakuukumbusha, akaondoka kwenda Kigoma hivyohivyo.

Jioni nilikwenda kwa Mzee Kapela, seremala, mjomba wake Maganga, Mkristo wa Moravian, mtu mpole. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akatuma mtu kwenda Usoke amwambie Kabula, mke wa Maganga, polepole. Zikapita siku, jibu likaja, na Mzee Kapela akanifuata mwenyewe kibandani.

"Kabula amemwambia mkwewe," akasema. "Dada yangu hataki kusikia. Amemwambia, wewe unatafuta mume mwingine tu. Amesema kifo hakiletwi na mkwe. Kama mwanangu amekufa, mtani ataniletea."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo funga mzigo, Kondo."

Nikajaribu kumchekesha, nikamwambia mimi kinyozi, kupanda na kushuka si kazi yangu. Akanieleza yaliyobaki. Vijiji vyote vya kwao Maganga, chini ya Jiwe la Kalunde, serikali imeamuru vihamishwe kwa sababu ya malale, ule ugonjwa wa kusinzia unaoletwa na mbung'o. Watu wamehamia mahali peupe karibu na Usoke. Nyumba za zamani zitachomwa kabla mvua haijaanza, pori lichukue mahali pake. Wote wamehama isipokuwa dada yake, Mama Nyamizi. Anasema Maganga akirudi atamkuta nani. Kila siku anapanda juu ya jiwe kutazama njia. Naye Kabula hawezi kulia, maana mama wa marehemu hajalia, na mke hamtangulii mama.

"Mbung'o wakimuuma huko peke yake," akasema Mzee Kapela, "tutakuwa na misiba miwili."

Asubuhi nilipanda treni ya kwenda Kigoma, behewa la daraja la tatu, kati ya mwanamke mwenye kapu la vifaranga na mzee wa Kisukuma aliyenuka tumbaku. Kutoka Tabora mpaka Usoke si mbali. Treni yetu inajikongoja lakini inafika. Nilianza kupiga soga, ndiyo ada yangu, nikawachekesha wale wawili na jirani zao. Nikasema hii dunia imepinduka, zamani Mnyamwezi alibeba mizigo ya watu wote, leo Mzaramo ndiye anabeba mzigo wa Mnyamwezi. Yule mwanamke akatazama mikono yangu. Nilikuwa na kifurushi kidogo tu, wembe na kanzu ya pili.

"Mzigo wenyewe uko wapi?" akauliza.

Nikageuka dirishani. Miombo ilikuwa mikavu, nyasi zimeungua, majivu yanaruka kwenye upepo wa treni. Mbingu ilikuwa nyeupe, ya vumbi, hata jua lilionekana kama sahani iliyooshwa vibaya.

Usoke nilishuka mchana. Kutoka stesheni nilitembea mpaka yalipo makazi mapya. Nimezoea vijiji ambavyo kila mtu amejenga kwa matakwa yake, mlango huku, ua kule. Pale nyumba zimepangwa mstari mmoja mrefu kama watoto wa shule wanaongoja kupigwa. Hakuna mti wa kivuli, yote imefyekwa ili mbung'o wakose pa kujificha. Kabula nilimkuta anatwanga. Tulijuana tangu harusi yao. Aliponiona aliuacha mchi ndani ya kinu, akapanguza mikono.

"Umekuja," akasema.

"Nimekuja kula."

"Utakula." Akaniletea maji, akaniletea ugali na mlenda, akaketi mbali kidogo. Alikuwa amekonda. Watu walipita mbele ya nyumba wakamsalimu vizuri, naye akaitika vizuri, na wote walijua, na hakuna aliyesema. Nimenyoa vichwa vya kila namna lakini sijaona watu wanaobeba kimya kama wale.

"Mwanangwa amekuja jana," akasema. Huyo ndiye mkuu wao wa kijiji. "Wanachoma wiki hii. Amesema kama mama hatoki kwa hiari, watamtoa kwa nguvu. Kondo, yule akitolewa kwa nguvu atakufa njiani. Atarudi tu usiku, atakaa kwenye majivu."

"Kesho nitamwambia."

"Utamwambiaje?"

"Kama mtani."

Akaikaza kanga kiunoni. "Mimi nimechoka kujifunga kanga kama mtu mwenye mume," akasema, akaenda kutwanga.

Kesho yake alfajiri tuliondoka, Kabula mbele na kibuyu cha uji, mimi nyuma na kifurushi changu. Ukiyaacha makazi mapya unapita kwenye kizuizi. Yupo mtu mwenye wavu, kazi yake kuwakamata mbung'o waliomkalia msafiri mgongoni. Akanizunguka kama ng'ombe wa mnada.

"Unakwenda Kalunde? Huko hakuna mtu."

"Yupo mmoja," akasema Kabula.

"Huyo bado yupo?" akasema yule wa wavu, akatupisha.

Baada ya hapo ni pori. Mbung'o wanauma kupitia nguo, na mbung'o akikuuma unajua umeumwa, si kama mbu mwenye haya. Nilijipiga makofi njia nzima, mpaka Kabula akasema nikifika nitakuwa nimejiua mwenyewe. Ndiyo mara pekee alipojaribu mzaha siku ile. Baadaye tukaingia kwenye njia ya zamani ya misafara. Usidhani ni barabara. Ni mfereji tu katikati ya miti, umechimbwa na nyayo za watu wa zamani, nyasi zimeota ndani yake mpaka kiunoni. Hapa alipita babu yangu au wenzake, na mumewe Mama Nyamizi alipita hapa na meno ya tembo begani. Sasa hapiti mtu. Tangu treni ianze, njia imekufa kama nyoka aliyekanyagwa, umbo lipo, mwendo hakuna.

Jua lilipokuwa limepanda kidogo tulifika kijijini, au palipokuwa kijiji. Nyumba zilikuwepo, milango imeng'olewa kwenda kutumika kwingine. Ndani ya moja niliona chungu kimepasuka na mbuzi wa udongo wa mtoto. Mapaa yamelegea. Maboga yamejiotea uani, hayana wa kuyachuma. Nyumba moja tu ilifagiliwa mbele, na ndani ya ile nyumba mafiga matatu yalikuwa na moto.

"Hauzimi," akasema Kabula. "Anasema mwanawe hawezi kukuta jiko baridi."

Nyuma ya nyumba ndiyo lilikuwa jiwe lenyewe.

Niliogopa bure. Nilikuwa nimefikiri mlima, kumbe Kalunde ni kipara. Jiwe moja kubwa la kijivu limelala ubavu, mteremko wake wa pole, hata mtu mvivu kama mimi anapanda huku anapumua vizuri. Unatembea tu. Chini jiwe ni laini kama sakafu, juu kidogo lina mistari myeusi ya maji ya mvua za zamani, na kwenye nyufa kumeota nyasi ngumu na miti midogo iliyopinda. Pimbi walikuwa wanaota jua, wakatuona, wakaingia mashimoni. Kuna mahali jiwe limechimbika vishimo vishimo, wanawake wa zamani walikuwa wanasagia mtama hapo. Kabula alikaa kwenye moja ya vile vishimo.

"Mimi nabaki hapa," akasema. "Akiniona na wewe atasema nimekufundisha maneno."

Nikapanda peke yangu. Upepo ulizidi kila nilipokwenda juu, nao ulikuwa na harufu ya moshi wa nyika. Nilipofika kileleni, nikaona pande zote kwa mara moja. Mtu aliyezoea kutazama visogo hajazoea kuona mbali namna ile. Kusini miombo ya kijivu mpaka mwisho wa macho, haina kijani hata kimoja. Magharibi mawe mengine kama lile, yamekaa mbalimbali kama ng'ombe waliolala. Mashariki ile njia ya misafara, mstari mwembamba uliokwenda ukapotea kwenye vumbi. Na kaskazini, nyuma kabisa, palipofyekwa panang'aa, na moshi wa treni unatambaa polepole kuelekea Tabora.

Mama Nyamizi alikuwa ameketi, miguu ameinyoosha, uso mashariki. Treni ilikuwa ubavuni kwake, wala hakuiangalia. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mkavu, kichwa chake cheupe hakijaguswa na wembe siku nyingi. Alinitupia jicho la pembeni.

"Nimesikia pumzi," akasema. "Nikadhani punda. Kumbe Mzaramo."

"Shikamoo, fisi mzee."

"Marahaba, mwizi wa hongo. Baba zako walikaa njiani wanawatoza baba zetu kitambaa, sasa wewe unatoza watu nywele."

"Nywele zako nazitamani. Hapo ndani naona panya wamejenga, wana mtemi wao kabisa."

Akacheka. Alikuwa na kicheko kizuri, cha kifuani, na Maganga alikuwa nacho hichohicho. Akapiga jiwe kwa kiganja, nikakaa.

"Kondo," akasema, "umekuja kunitoa, siyo? Ndugu yangu Kapela amekutuma."

"Unatazama nini huku?"

"Njia. Wanaotoka pwani wanaingia pale, kwenye ule mti mfu. Mume wangu alikuwa anaingia pale. Wanaanza kuimba tangu mbali, tunawasikia hapa juu, tunashuka mbio kuchemsha maji."

"Siku hizi watu wanarudi kwa treni, mama."

"Treni haina nyimbo," akasema.

Nikasema moyoni, Kondo, sema sasa, kabla hujazoea kukaa. Nilikuwa nimejizoeza tangu Tabora. Mtani hasemi "nina habari nzito", hatikisi kichwa. Anasema kifo kama anavyosema jina la mboga. Basi nikasema.

"Maganga amekufa. Amekufa huko kwenye mkonge, kwa kifua. Wamemzika. Nimekuja kukwambia, ndiye mimi mtani wako."

Akanitazama. Mdomo ukaanza kutetemeka, nami nikajiandaa kumshika. Kumbe kicheko. Akacheka mpaka akashika mbavu, mpaka machozi yakamtoka, akanipiga bega.

"Wazaramo nyie," akasema. "Nyie watu hamna Mungu. Kabula ameshindwa, sasa wamenitumia mwenye midomo mikubwa. Kwa mzaha huo wamekupa kuku wangapi?"

"Mama, si mzaha."

"Mzaramo alisema lini jambo lisilo mzaha? Mwaka ule nilipokuja Tabora kwa Kapela ulisema mtemi amegeuka chura, watu wazima wakatoka kwenda kutazama."

Kweli nilisema hivyo, na walitoka.

"Naapa kwa Mungu," nikasema.

"Na siku ya chura uliapa vilevile."

Nikamweleza habari ya yule Muha. Akanisikiliza huku anatabasamu, kama mtu anayesikiliza hadithi nzuri ya sungura, na nilipofika pale pa kufa kwa mafua kama kuku, akapiga kofi, akasema hapo umenoga. Hapo machozi yakanitoka mimi. Akainama kuyatazama. "Tazama," akasema, "na machozi amejifunza. Kwenye msiba wa mume wangu shangazi yako alilia hivyohivyo, kumbe amejipaka kitunguu."

Hivi ndivyo nilivyokwama. Walinituma kwa kuwa mtani ana ruhusa ya kusema lolote, na hakuna aliyefikiri kwamba mtu anayesema lolote haaminiki kwa lolote. Mzee Kapela hakufikiri, na mimi ndiyo kabisa. Wangemtuma padri, au karani, au hata yule wa wavu, angeaminiwa.

Nikakaa nimejikunyata. Upepo unavuma. Mama Nyamizi, maskini, alikuwa amechangamka, nadhani siku nyingi hakuwa na mtu wa kutaniana naye. Akarudi kunishambulia.

"Babu yako alibeba mzigo mara moja tu maishani, akalala mpaka leo."

Hilo lilikuwa tusi zuri. Jibu lake nilikuwa nalo, la mumewe na punda wa Mwarabu, limekaa ncha ya ulimi kabisa. Nikafungua mdomo. Halikutoka.

"Baba yako alioga mara mbili, kuzaliwa na kuoshwa maiti."

Nikatazama jiwe kati ya miguu yangu.

"Kinyozi wa mbuzi. Unanyoa mbuzi huko sokoni, watu wamenisimulia, na mbuzi wanakudai sikio."

Nilitaka kujibu, ninyi mnaonijua mnajua, sijawahi kupitwa na tusi, hata nikiumwa homa najibu. Siku ile mdomo wangu ulikuwa kama mlango uliovimba kwa mvua.

"Mama yako, Kondo," akasema, na sauti ilikuwa imepungua. "Nimemtaja mama yako."

Kimya.

"Nijibu."

Upepo ukapita, ukachukua majani makavu kutoka kwenye ufa, ukayatupa chini.

"Nijibu, mwanangu," akasema.

Mtani haitwi mwanangu. Nikainua macho, nikamwona amenikazia, na nikaona jambo likimwingia polepole kama maji yanavyoingia kwenye chungu kikavu. Hakupiga kelele. Akarudisha macho kwenye ule mti mfu kule njiani, akautazama sana. Halafu akavuta miguu yake.

"Alipita upande gani alipokwenda?" akauliza.

Nikamwonyesha kaskazini. Akajizungusha pale alipokaa, akaiacha njia ya misafara ubavuni, akatazama reli. Moshi ulikuwa umeshapotea.

"Nani alimchimbia?"

"Muha mmoja, mama. Mtu mwema."

"Muha si mtani wetu."

"Si mtani."

"Kwa hiyo hakuna aliyemtukana."

"Hakuna, mama."

"Amekwenda mtupu," akasema. "Mtukane basi. Fanya kazi yako."

Kazi hiyo nimeifanya kwenye misiba mingi, na watu wamekuwa wakinisifu. Nikasimama juu ya lile jiwe, nikamtukana rafiki yangu. Nikasema Maganga, mkoromaji, uliyekuwa unakoroma mpaka kunguni wanahamia kwa jirani. Mchoyo wa chumvi. Mwoga wa vinyonga. Ulikwenda pwani kukata mkonge, wewe ambaye nyumbani hukukata hata kuni, Kabula anakata yeye. Ukaona kazi ni nyingi, ukafa. Nikasema mengi, mengine hayaandikiki, nikaigiza na mwendo wake wa bata. Sauti ilikwenda mbali kwa sababu jiwe halina kitu cha kuizuia. Na kutoka chini, kwenye vile vishimo vya kusagia, nikamsikia Kabula ameanza kulia. Alilia kwa sauti ya mtu aliyekuwa ameziba mdomo kwa mkono kwa wiki nzima, sasa ameuondoa.

Mama Nyamizi alimsikia pia. "Mkwe wangu huyo," akasema. "Twende."

Kushuka kulikuwa rahisi kuliko kupanda, lakini yeye sasa alihitaji kushikwa. Alipomfikia Kabula walikaa pamoja juu ya jiwe, wakalia vichwa vimegusana, nami nikawafukuzia mbung'o kwa kanzu yangu, kazi pekee niliyoipata. Mchana tulifika nyumbani kwake. Aliingia ndani mwenyewe. Tukasikia maji yanamwagwa na mafiga yanalia, ssss, moshi mweupe ukatoka kwenye paa. Akatoka na mkeka na chekeche, hakutazama nyuma. Tulipopita kizuizini yule wa wavu alitaka kusema kitu, akaona nyuso, akatoa mbung'o mgongoni kwa Mama Nyamizi taratibu kama anamfuta vumbi.

Matanga yalifanyika kwenye makazi mapya. Mzee Kapela alikuja kwa treni, wakaimba nyimbo zao za Kikristo, nami nikafanya yangu, nikaiba jogoo, nikalala kwenye kitanda cha wafiwa, watu wakacheka na kulia kama inavyotakiwa. Siku ya kuanua nilitoa wembe, nikawanyoa wote. Kichwa cha Mama Nyamizi nilikinyoa mwisho. Nikasema nimewafukuza panya na mtemi wao. Wote waliokuwepo walicheka. Yeye aliinamisha tu shingo ili nifikie vizuri.

Kesho yake moshi mzito ulionekana upande wa Kalunde. Walikuwa wanachoma.

Siku ya kurudi alinisindikiza mpaka stesheni, ingawa nilimkataza. Tulisimama mpaka treni ikatokea. Nikaona niondoke kama mtani anavyoondoka. Nikamwambia, "Kwaheri, fisi mzee. Nikirudi nikukute umejifunza kutembea." Nikasubiri. Nilikuwa nimemwachia uwanja mpana kabisa, hata mtoto angepata la kunijibu.

Akanipa mikono yote miwili, akakunja magoti kidogo, kama wanawake wa Kinyamwezi wanavyomsalimu mkubwa.

"Safari njema, baba," akasema. "Utusalimie wa Tabora."

Njiani ndani ya treni nilikuwa nahesabu nilichojifunza, na kwa elimu yangu hesabu haikuwa ndefu. Nilijifunza kwamba mlima ukiwa rahisi haina maana kilicho juu yake ni rahisi. Nilijifunza kwamba kwa kutukanwa kila siku tangu utoto nilikuwa tajiri na sikujua, kwa sababu anayekutukana hivyo hakuogopi, na hajawahi kuletewa na wewe kitu ambacho hawezi kukirudisha.

Mpaka sasa mara mojamoja nakwenda Usoke kuwasalimu. Kabula ameolewa na shemeji yake, hunitukana vizuri tu. Mama Nyamizi akiniona huinuka alipo, hunifutia kigoda kwa ncha ya kanga, huniletea maji ya kunawa, huniuliza habari za nyumbani kwa sauti ya chini. Nami nakaa, naitika kila salamu, sijui mikono yangu niiweke wapi.